Sura ya Sita: Jioni Moja Irente, Kamera Mbili

Kilomita chache kutoka Lushoto mjini, katika milima ya Usambara, kuna ukingo wa mwamba uitwao Irente. Ukifika pale ardhi inakatika mbele ya miguu yako, na tambarare ya Mazinde inaonekana chini, karibu mita 1,000, pamoja na mashamba yake ya mkonge yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Jioni jua huzama upande huo wa tambarare. Vumbi linageuka rangi ya shaba, na kila mti unatoa kivuli kirefu kuliko wenyewe.

Nilifika saa kumi alasiri nikiwa na kamera mbili. Moja ni ya dijitali, ya megapikseli 45, inayoingia kwenye mkoba wa begani pamoja na lenzi zake. Nyingine ni kamera ya mbao yenye mvukuto, inayotumia filamu ya kipande kimoja kimoja, kila kipande inchi 4 kwa 5, karibu sawa na kiganja cha mtu mzima. Hiyo ilinidai begi la mgongoni, stendi nzito ya miguu mitatu, kipima mwanga, kitambaa cheusi na vibebeo vitano vya filamu, kila kibebeo na vipande viwili. Kwa hiyo nilikuwa na picha kumi tu za filamu kwa safari nzima.

Kamera ya dijitali ilikuwa tayari kwa dakika mbili. Ya mbao ilinichukua dakika 25. Niliikunjua, nikafunga lenzi ya milimita 150, nikajifunika kitambaa, nikaanza kutazama kioo chenye ukungu kilicho nyuma yake. Kwenye kioo hicho dunia huonekana kichwa chini, na kulia huwa kushoto. Mwanzoni jambo hilo huchanganya. Baadaye husaidia, kwa sababu jicho linaacha kutambua vitu kwa majina yake, huu mti, ile nyumba, na kuanza kuona giza limelalia wapi na mwanga umeangukia wapi.

Mzee mmoja aliyekuwa akitoka shambani, jembe begani, alisimama kunitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona umejifunika shuka na jua lingali linawaka?"

Nikamkaribisha chini ya kitambaa. Aliinama, akanyamaza, akakaa humo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipotoka alisema, "Nimeiona Mazinde imepinduka. Pale chini yuko dada yangu, nyumba ya bati jipya karibu na mbuyu."

Kabla jua halijazama nilikuwa nimepiga vipande viwili vya filamu. Kwa kamera ya dijitali nilikuwa nimepiga picha 64.

Sura hii imetoka kwenye jioni hiyo. Kila mara ninapofundisha upigaji picha za mandhari, mtu huniuliza: kamera kubwa ya filamu au dijitali? Swali hili linastahili jibu kamili, maana linagusa fedha, mgongo, muda na kumbukumbu tutakazowaachia wanaokuja.

Ukubwa una kazi gani

Picha moja ya filamu ya roli ya milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kamera nyingi za dijitali za kitaalamu zina kihisi cha ukubwa huo huo. Kipande cha inchi 4 kwa 5 kina eneo kubwa kuliko hilo mara 15 hivi, na kile cha inchi 8 kwa 10 mara 60.

Sasa chukulia unataka picha ya ukutani yenye kimo cha sentimita 40. Ukitoka kwenye filamu ndogo, lazima uikuze karibu mara 17. Ukitoka kwenye kipande cha inchi 4 kwa 5, unaikuza mara 4 tu. Kila kasoro hukuzwa pamoja na picha: vumbi, mtikisiko, udhaifu wa lenzi, chembe za filamu. Ndiyo maana karibu karne nzima ya 20 mpiga picha wa mandhari aliyeithamini kazi yake alibeba kamera kubwa.

Kabla ya hapo hali ilikuwa ngumu zaidi. Katikati ya karne ya 19 kukuza picha kulikuwa kazi nzito, kwa hiyo karatasi ililazwa moja kwa moja juu ya sahani ya kioo, na picha ikatoka na ukubwa ule ule wa sahani. Aliyetaka picha kubwa alibeba sahani kubwa. Mwaka 1861 Carleton Watkins aliingia bonde la Yosemite, California, na kamera ya sahani za inchi 18 kwa 22, mizigo yake ikibebwa na nyumbu. Picha zake zilifika mashariki mwa Marekani, zikaonwa na watu ambao wasingefika bondeni humo maisha yao yote, na mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kulihifadhi bonde hilo. Picha hizo zilishiriki katika kuwashawishi watu, na ushawishi wake ulitokana na wingi wa vitu vilivyoonekana ndani yake: kila jabali, kila msonobari, kila ufa.

Kwa upande wa dijitali, mwanzo ulikuwa mdogo mno. Kamera aliyoiunda Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975 ilikuwa na nukta 100 kwa 100, na ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye mkanda wa kaseti. Ilipofika 2012 Nikon iliuza kamera ya megapikseli 36, na mwaka 2019 Fujifilm ikatoa ya megapikseli 102.

Linganisha na filamu. Ukiskani kipande cha inchi 4 kwa 5 kwa nukta 2,000 kila inchi, kiwango ambacho skana nzuri ya mezani hukifikia, unapata nukta 8,000 kwa 10,000, yaani megapikseli 80. Skana za pipa zinazotumiwa na maabara kubwa huvuta zaidi ya hapo. Kwa hiyo kipande hicho bado kina akiba kubwa, lakini pengo lililokuwa kama bahari sasa limekuwa mto unaovukika.

Picha zangu za Irente nilizichapa kwa ukubwa wa sentimita 40 kwa 50, moja kutoka kila kamera, nikampelekea yule mzee. Aliziweka mezani sambamba, akatafuta kwa kidole bati la nyumba ya dada yake. Akaliona kwenye picha zote mbili. Nilipochapa tena kwa kimo cha sentimita 80, filamu ilitangulia kidogo: majani ya mkonge ya karibu yalikuwa na ncha, wakati ya dijitali yalianza kulainika. Tofauti hiyo niliiona kwa kusogea hadi pua inakaribia karatasi. Kutoka hatua tatu, sikuiona.

Jaribio la California

Kuna mtu aliyefanya jaribio la namna hii mapema sana, nalo likabadili kazi yake yote. Stephen Johnson, mpiga picha wa mandhari wa California, alikuwa akitumia kamera ya inchi 4 kwa 5 kwa filamu. Mwaka 1994 alijaribu kifaa kipya kilichowekwa nyuma ya kamera hiyo hiyo, mahali pa kibebeo cha filamu. Hakikuwa na kihisi kinachopiga picha yote kwa mara moja. Kilikuwa na mstari mwembamba wa vihisi unaosafiri taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama skana ya ofisini. Alilinganisha matokeo yake na filamu aliyoipiga papo hapo, akaamua kuachana na filamu. Kisha akazunguka hifadhi za taifa za Marekani kwa miaka kadhaa na kifaa hicho, na kitabu chake kikatoka 2006.

Kumbuka kwamba mwaka huo wa 1994 kamera ya Apple QuickTake, iliyouzwa kwa watu wa kawaida, ilikuwa na nukta 640 kwa 480 tu. Johnson aliona mbali, na gharama yake aliilipa. Picha moja ilichukua dakika kadhaa kukamilika. Upepo ukipita, matawi yalitoka na kingo za rangi zisizokuwepo, na maji yanayotiririka vivyo hivyo. Alilazimika kubeba kompyuta na betri hadi porini. Ninamtaja kwa sababu mfano wake unatenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: kamera kubwa na filamu. Yeye aliacha filamu, lakini kamera kubwa aliendelea kuibeba. Tuone kwa nini.

Kazi ya mvukuto

Kwenye kamera ya kawaida lenzi na kihisi vimefungwa vikitazamana sambamba. Kwenye kamera ya mvukuto kila upande una uhuru wake. Unaweza kupandisha lenzi, kuishusha, kuisogeza pembeni au kuiinamisha.

Pale Irente nilitaka jiwe lililokuwa mita moja na nusu kutoka kwenye lenzi lionekane kali, na tambarare iliyo kilomita nyingi mbele ionekane kali vilevile. Nililegeza skrubu mbili, nikaiinamisha lenzi mbele kidogo sana, huku nikitazama kioo kwa lenzi ya kukuzia. Ukali ambao mwanzo ulikuwa umesimama kama ukuta ulianza kulala chini kama mkeka, ukaanzia kwenye jiwe na kuishia kwenye upeo wa macho. Kanuni hii inaitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, kapteni wa jeshi la Austria aliyetaka kutengeneza ramani kutokana na picha za angani, na akaisajili hataza yake Uingereza mwaka 1904.

Mwenye kamera ya dijitali ana njia zake. Anaweza kununua lenzi inayoinama, ambayo ni ghali. Au anapiga picha tano au kumi, kila moja ameilenga umbali tofauti, kisha programu ya kompyuta inachukua sehemu kali ya kila moja na kuziunganisha. Kwa majabali njia hii ni nzuri sana. Kwa nyasi zinazopepea ni shida, maana kila picha inaukuta unyasi mahali pengine, na programu inaunganisha vitu ambavyo havikukaa pamoja hata mara moja.

Hata hivyo kamera ndogo ina nafuu moja: lenzi yake fupi hupata ukali wa mbele na wa nyuma kwa urahisi zaidi. Lenzi ya milimita 150 kwenye kamera kubwa hufanya kazi ya lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ndogo, na kadiri lenzi inavyorefuka ndivyo ukali unavyokuwa mwembamba. Kwa hiyo mwenye kamera kubwa hubana tundu la lenzi hadi f/22 au f/32, shata inakaa wazi nusu sekunde au zaidi, na upepo unapata nafasi ya kuharibu. Kuinamisha lenzi ni dawa ya ugonjwa ambao kwa sehemu kamera kubwa yenyewe imeuleta.

Mwanga mkali, kivuli kizito

Jua la jioni pale Irente lilikuwa mbele yangu. Mandhari ya namna hiyo ndiyo mtihani mkubwa, kwa kuwa mbingu inang'aa mno na mwamba wa karibu umeingia gizani. Filamu ya slaidi ya rangi, ile waliyoipenda sana wapiga picha wa mandhari wa miaka ya 1990 kwa ukolezo wake, inabeba takriban hatua 5 za mwanga, kila hatua ikiwa mwanga maradufu ya iliyotangulia. Ukikosea kidogo, umekosa. Kihisi kizuri cha leo kinafikia karibu hatua 14, na unaweza kutazama kipande cha picha papo hapo ukajua kama mbingu imepotea. Filamu ya negativu inakaa katikati, ikiwa na sifa yake njema: mwanga ukizidi, inauachia taratibu, mbingu inafifia kwa ulaini. Dijitali ikifika kikomo chake inakata ghafla, na palipokatwa hapana kitu cha kurudisha.

Kutokana na hilo zimezaliwa kanuni mbili zinazopingana. Ukipiga kwa negativu, pima mwanga kwa ajili ya vivuli, mbingu itajitetea. Ukipiga kwa dijitali, linda mbingu, vivuli utavifungua baadaye. Anayehama kutoka chombo kimoja kwenda kingine bila kubadili kanuni hii ataharibu kazi ya miezi.

Elimu ya kupima mwanga ndiyo iliyoiokoa picha mashuhuri kuliko zote za aina hii. Jioni moja mwaka 1941 Ansel Adams alikuwa akiendesha gari New Mexico, karibu na kijiji cha Hernandez. Mwezi ulikuwa umechomoza juu ya milima yenye theluji, na misalaba ya makaburini ilikuwa ikishika mwanga wa mwisho wa jua. Alisimamisha gari, akasimika kamera ya inchi 8 kwa 10 kwa haraka, na kipima mwanga hakikuonekana. Akakumbuka ung'avu wa mwezi, ambao alikuwa ameuhifadhi kichwani kwa tarakimu, akakokotoa kutoka hapo, akapiga. Alipogeuza kibebeo apige kipande cha pili, mwanga ulikuwa umekwisha kuondoka kwenye misalaba. Picha hiyo imetoka kwenye kipande kimoja. Katika miaka iliyofuata aliichapa zaidi ya mara 1,000, na kadiri umri ulivyosonga aliifanya mbingu kuwa nyeusi zaidi.

Leo mtu mwenye dijitali angepiga picha 20 katika muda huo, na moja ingetosha. Sioni aibu katika hilo. Ila Adams aliweza kupiga moja kwa sababu alikuwa amejifunza kuiona picha iliyokamilika kabla ya kugusa shata, na ujuzi huo hauuzwi pamoja na kamera yoyote. Alikufa mwaka 1984, baada ya kuandika kwa matumaini kwamba picha za kielektroniki zingekuwa hatua kubwa inayofuata. Bwana mkubwa wa kamera kubwa hakuiogopa dijitali.

Gharama, joto na unyevu

Sasa tuzungumze hesabu. Kamera ya mbao iliyotumika, pamoja na lenzi, inaweza kugharimu chini ya kamera mpya ya dijitali ya kitaalamu. Hapo wengi hufurahi. Wanasahau kwamba kipande kimoja cha filamu ya rangi huuzwa zaidi ya dola 5 za Marekani kabla ya kusafishwa, kabla ya kuskaniwa, na kabla ya kulipia usafirishaji kutoka ng'ambo. Dijitali unalipa mlangoni. Filamu unalipa kila unapobofya.

Kwa mkazi wa Afrika Mashariki kuna mzigo wa pili. Mtu wa London au New York anaweza kupeleka vipande vyake kwenye maabara ya mtaa wa pili. Sisi tunasafisha wenyewe nyumbani, nako joto ni adui. Nyakati zilizoandikwa kwenye chupa za dawa za filamu nyeusi na nyeupe kwa kawaida ni za nyuzi 20 za Selsiasi. Maji ya bomba ya Dar es Salaam ni vuguvugu mwaka mzima, kwa hiyo nasafisha usiku wa manane, beseni la dawa likiwa ndani ya beseni kubwa la barafu, kipimajoto mkononi. Filamu ambayo haijatumika inakaa kwenye friji. Na kwa anayeishi pwani, unyevu unaotesha ukungu ndani ya lenzi hauchagui kama ni ya filamu au ya dijitali.

Mzigo wa tatu ni viwanja vya ndege. Nimewahi kupoteza vipande 20 vya safari nzima kwa sababu mkaguzi alikataa kuvikagua kwa mkono, vikapita kwenye mashine ya eksirei mara mbili. Vyote vilitoka na kijivu kama moshi. Shida hii ndiyo iliyomgeuza hata mpiga picha Sebastião Salgado. Alianza mradi wake wa Genesis mwaka 2004 kwa filamu, akipita nchi nyingi na viwanja vingi, na mwaka 2008 akahamia dijitali. Lakini hakuhamia mzima mzima. Alichagua picha zake kutoka kwenye karatasi zilizochapwa, si kwenye skrini, na mafundi wake walitengeneza negativu kutokana na faili za dijitali ili picha zisafishwe kwenye chumba cha giza kama zamani.

Andreas Gursky wa Ujerumani alikwenda njia ya kinyume. Picha yake ya mto Rhine ya mwaka 1999 aliipiga kwa kamera kubwa ya filamu, kisha akaondoa kwa kompyuta majengo yaliyokuwa ng'ambo ya mto. Nakala moja iliuzwa New York mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 4.3. Na Clyde Butcher, aliyesimama miaka mingi ndani ya maji ya vinamasi vya Florida na kamera za inchi 8 kwa 10 na zaidi, alipopata kiharusi mwaka 2017 alichukua kamera ya dijitali akaendelea kufanya kazi. Mwili nao una neno lake katika uchaguzi huu. Watu hawa watatu hawakukaa upande mmoja na kuutukana mwingine. Walichukua kilichofaa.

Kitakachobaki

Kuna jambo moja ambalo kwalo filamu inashinda, na linatuhusu sisi moja kwa moja.

Mwaka 1906 Vittorio Sella, mpiga picha Mtaliano wa Biella, alipanda milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, pamoja na msafara wa Mwanamfalme wa Abruzzi. Huko mvua na mawingu ndiyo desturi. Wapagazi, wakiwemo Wakonjo wa milima hiyo, walipandisha mizigo kwenye matope na barafu, na ndani ya mizigo hiyo mlikuwa na kamera na vioo vya Sella. Adams alipoziona picha za Sella miaka mingi baadaye, alizisifu kwa maandishi.

Barafu ya Rwenzori wakati huo ilifunika takriban kilomita za mraba 6.5. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba. Wataalamu wanaotaka kujua barafu ilifika wapi wanarudi kwenye picha za Sella, kwa sababu ndani yake ufa wa mwamba unaonekana, na ukingo wa theluji unaonekana, na vyote unaweza kuvipima. Hazihitaji waya wala programu. Ukiishika sahani dhidi ya dirisha, Rwenzori ya 1906 iko mkononi mwako.

Faili ya dijitali haina uhai wa namna hiyo. Inaishi kwa kunakiliwa. Kila baada ya miaka kadhaa lazima mtu aihamishe kutoka diski inayochoka kwenda mpya. Akiwepo mtu huyo, faili itabaki vile vile bila kupoteza hata nukta moja, jambo ambalo filamu haiwezi, maana filamu nayo huliwa na ukungu, moto na maji, na nakala yake halisi ni moja. Asipokuwepo, kila kitu kinaondoka siku moja. Nawajua wapiga picha wenzangu waliopoteza miaka mitano ya kazi kwa diski moja iliyoanguka sakafuni. Bahasha ya negativu ikianguka sakafuni, unaiokota.

Uchague ipi

Hukumu yangu ni hii. Ukiwa unaishi Afrika Mashariki, unapenda mandhari, na una fedha ya kamera moja, nunua ya dijitali. Kwa ukubwa wa picha ambao wengi wetu tutachapa maishani, ukali wake unatosha na kuzidi. Itakufundisha kwa haraka, itakuruhusu kukosea bila kulipa, na haitakukwamisha kwa kukosa dawa au filamu. Fedha itakayobaki nunua stendi imara kabla ya kununua lenzi ya pili.

Chagua kamera kubwa ya filamu ikiwa unaweza kujibu ndiyo kwa maswali matatu. Je, uko tayari kurudi nyumbani na picha mbili, au bila hata moja, na bado useme siku ilikuwa njema? Je, una mahali pa giza, maji na subira ya kusafisha mwenyewe? Je, unazo fedha za filamu ya miaka mitatu, mbali na bei ya kamera? Ukisema ndiyo mara tatu, usisite. Chini ya kile kitambaa cheusi kuna furaha ambayo sijaipata kwenye skrini yoyote, na yule mzee wa Irente aliigundua kwa kuinama mara moja.

Na ukichagua dijitali, ibebe kana kwamba ni kamera kubwa. Simika stendi. Kaa dakika 25 kabla ya kubofya. Jiwekee vipande kumi kwa siku, hata kama kadi inabeba elfu mbili. Weka nakala tatu za kila faili, moja iwe nje ya nyumba yako.

Halafu chapa. Kila mwezi chagua picha moja, ichape kwenye karatasi nzuri, na nyuma yake andika kwa penseli mahali, siku, saa na jina la mlima. Adams hakuandika tarehe ya Hernandez. Ilibidi wanaastronomia wapige hesabu ya mwendo wa mwezi ndipo ikajulikana kuwa ni tarehe 1 Novemba 1941. Wewe andika yako leo, maana theluji ya Kilimanjaro, barafu ya Rwenzori na misitu ya Usambara haitabaki kama ilivyo, na atakayetaka kujua ilikuwaje ataigeuza picha yako nyuma kutafuta tarehe.